Legeza Hatamu, Usiachie

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Kwetu Katavi farasi humwoni kirahisi; kwenye miombo yetu kuna mbung'o, na nagana wanayoieneza huua farasi. Basi mwaka jana nilipokwenda Arusha kikazi, mashosti wakanipandisha farasi kwa mara ya kwanza. Roho mkononi!

Na farasi mwenyewe mwoga. Kanga ikapepea kwenye kamba, akaruka pembeni. Nikavuta hatamu kwa nguvu zote. Ndo kwanza akazidi! Mwalimu akaniambia, "Dada, unamuumiza mdomo. Ameshaogopa, na wewe unamfungia njia. Legeza, ila usiachie."

Kumbe lijamu liko mdomoni, kila mvuto wa vidole unamfikia. Ukikaza, anajiona amenaswa. Ukiachia kabisa, anabaki peke yake na woga wake. Nikashusha pumzi, nikalegeza mpaka nikawa namgusa kidogo tu. Akatulia.

Usiku nikamfikiria mume wangu, niliyemwacha Mpanda. Tangu apunguzwe kazini, neno dogo tu linamshtua. Nami simu kumi kwa siku: uko wapi, uko na nani? Siku ya tatu hiyo hapokei. Nikatuma ujumbe mmoja: "Nipo. Ukiwa tayari, nipigie."

Alipiga saa tano usiku. Tuliongea mpaka salio likakata.

Je, wewe mwenzio akishtuka, unakaza au unalegeza? Tuonane mwezi ujao.