Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kwale: urefu wa wanafunzi uandikwe

Mheshimiwa Waziri,

Kijana wa miaka 15 ambaye hajabalehe, na wadogo zake wamempita kimo, mtaani huitwa kijeba, nyumbani husemwa karogwa, na akifika kliniki huambiwa asubiri.

Huenda kusubiri kukatosha. Wapo watoto ambao mifupa yao hukawia kukomaa. Aghalabu baba au mjomba naye alichelewa, na mwishowe hufikia kimo cha ukoo wao. Lakini selimundu nayo huchelewesha balehe, na sisi wa pwani twaijua. Kadhalika figo mbovu na upungufu wa homoni ya tezi ya shingoni. Msichana mfupi ambaye hajaota matiti akitimiza miaka 13 pengine ana hitilafu ya kromosomu iitwayo Turner. Kwa kuwatazama tu, huwezi kuwatofautisha.

Kasi ya kukua ndiyo husema. Kuanzia miaka 4 hadi balehe, mtoto huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka. Zikiwa chini ya 4, sababu itafutwe. Kasi hiyo haijulikani bila vipimo viwili vya nyakati tofauti, na kijitabu cha mama na mtoto huishia miaka 5. Hata udumavu tunaojisifu kuupunguza kitaifa, kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, ni wa walio chini ya umri huo.

Kinachoudhi ni kwamba vipimo tunavyo. Siku ya dawa ya kichocho shuleni, mtoto husimamishwa kwenye fimbo, na urefu wake ndio huamua ameze tembe ngapi za praziquantel. Tembe huhesabiwa, urefu hauandikwi. Na ni Kwale hii hii ambako utafiti uliochapishwa 1989 ulionyesha wanafunzi waliotibiwa kichocho wakiongezeka uzito kuwashinda wasiotibiwa!

Ombi langu: fimbo zitiwe alama za sentimita, na kila shule iwe na daftari la urefu, jina kwa jina, kila mwaka. Anayekua polepole apelekwe hospitali ya Msambweni, apigwe eksirei ya kiganja cha kushoto ili umri wa mifupa ujulikane. Nairobi imefundisha madaktari wa homoni za watoto tangu 2008. Picha itumwe kwao kabla mzazi hajauza mbuzi kutafuta nauli.

Daftari hilo lianze duru ijayo ya dawa.

Wako,
Mzazi, Ukunda