Noeli na Vijana Wetu: Nani Atajibu?

Wapenzi wamama, Noeli inakaribia. Hapa Kirungu tunatafuta mchele, kuku na ndagala za ziwani. Tunafurahi. Lakini usiku ule vijana wanaaga kwenda kanisani, na wengine wanarudi asubuhi.

Mwezi wa 9, masomo yakifunguliwa, ndipo tunaona. Binti anabaki nyumbani na kitoto kichanga, majirani wanamsema. Kijana aliyempa mimba anavaa shati lake jeupe na suruali ya buluu, anarudi kalasini kama hakuna neno.

Sisi tulio na wavulana, mbona tunamwuliza binti wa mwenzetu peke yake? Mimba haikuja na upepo wa Tanganyika.

Kuwaozesha haraka si dawa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya mtoto, ni kusema kila aliye chini ya miaka 18.

Basi tuseme nao kabla ya sikukuu, wavulana na wasichana pamoja: unakwenda na nani, unarudi saa ngapi. Na neno likitokea, kijana asifichwe kwa wajomba. Aende mwenyewe, pamoja na wazazi wake, mbele ya jamaa ya binti. Asaidie kulisha mtoto. Nasi bibi tubebe kichanga, mama yake arudi masomoni.

Mtoto anayejibu kwa kosa lake ndiye tuliyemlea. Noeli njema, wamama.