Kusoma si Kutamka

Mtu apitaye nje ya darasa la pili la shule ya msingi wakati wa kipindi cha kusoma husikia sauti za watoto zikipaa kwa pamoja. Mwalimu huonyesha neno ubaoni kwa fimbo, nao hulitamka bila kusita. Mgeni hufurahi, akaenda zake akiamini kwamba watoto wanajua kusoma. Sisi tunasema mgeni huyo ameridhika mapema mno. Alichokisikia ni matamshi. Kama watoto wale wameelewa walichokitamka, hilo bado hajaliuliza.

Taifa letu lina kila sababu ya kujivunia juhudi zake za kufuta ujinga. Mwaka 1968, kwa ushirikiano na UNESCO, mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa. Mwaka 1977 milango ya shule ilifunguliwa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulijengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na sasa ada haimzuii tena mtoto wa maskini kuingia shule ya msingi ya Serikali. Hatua hizo zimewafikisha watoto mbele ya ubao. Wajibu uliobaki ni kuhakikisha kwamba kile kilichoandikwa ubaoni kinaingia akilini.

Hapa lugha yetu yenyewe yaweza kutuhadaa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi zake aweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima, hata wa mambo asiyoyafahamu kabisa. Mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma, Kiha au Kimasai aweza kuusoma ukurasa huo vizuri kama mwenzake wa Tanga, wala mwalimu asitambue kwamba nusu ya maneno ni kelele tupu kwake.

Tena Kiswahili huficha maana kubwa katika silabi ndogo. "Mama hajafika" na "Mama hakufika" ni sentensi mbili zinazokaribiana kwa sauti, lakini katika ya kwanza mtoto bado anangoja mlangoni, na katika ya pili kungoja kumekwisha. "Juma alimpikia mama" na "Juma alipikiwa na mama" hutofautiana kwa nani aliyeshika mwiko. Mtoto asiyezoezwa kusimama juu ya silabi hizo huzipita mbio. Kesho akiwa mfugaji atazipita vilevile atakaposoma "usichanganye" kwenye chupa ya dawa ya ng'ombe.

Kusoma kwa makini kwaweza kufundishwa tangu darasa la pili, tena bila gharama. Chukua habari fupi kama hii: Neema alikwenda kisimani na ndoo. Alipofika alitazama chini kwa muda mrefu. Akaishika kamba, akaipima kwa macho. Kisha akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Kwa desturi tutauliza: "Nani alikwenda kisimani?" Darasa zima litajibu "Neema", na somo litakwisha. Swali hilo laweza kujibiwa hata na mtoto asiyeelewa lolote, kwa kuwa jibu lake ni kurudia neno la kwanza. Mwalimu na aulize badala yake: "Kwa nini ndoo ilirudi tupu?" Jibu halikuandikwa, ila dalili zake zimeandikwa. Mmoja atasema maji yamepungua. Wa pili atasema kamba ni fupi. Wa tatu atasema Neema ni mvivu. Hapo ndipo mwalimu atumie maneno mawili yenye thamani kubwa kuliko fimbo: "Umejuaje? Tuonyeshe." Wa kwanza ataonyesha "alitazama chini", na wa pili ataonyesha "akaipima kwa macho". Wa tatu atatafuta na kukosa. Hapana haja ya kumcheka, maana amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawajalijua: kumhukumu mtu bila ushahidi ni dhuluma.

Watoto wetu si wageni wa kazi hii. Nyumbani bibi akitega, "Nyumba yangu haina mlango," mtoto hulipima kila neno mpaka aseme "Yai!" Kitendawili ni somo la kuchunguza maneno. Ni jambo la kusikitisha kwamba akili hiyo aliyokuja nayo mtoto huachwa nje ya lango la shule, akaingia darasani kuitikia tu.

Tunajua walimu watasema nini. Madarasa yamejaa, vitabu ni haba, na kipindi ni nusu saa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na wenye dhamana ya kuyaondoa wasiyafumbie macho. Lakini sentensi nne huenea ubaoni, na watoto wawili wawili waweza kuulizana "umejuaje" hata katika darasa la watoto themanini. Wala hatupuuzi wepesi wa kusoma, maana mtoto anayekwama kila silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Wepesi huo ni ngazi ya kupandia, na kosa letu ni kuishangilia ngazi tukasahau dari.

Lipo pia jambo lisilosemwa waziwazi. Mtoto aliyezoea kuulizwa "umejuaje" iko siku atamwuliza mwalimu wake swali hilohilo. Baadhi yetu tunaliogopa. Lakini mwalimu aliyejiandaa hapungukiwi heshima kwa kuonyesha mstari wa kitabu. Anayepungukiwa ni yule anayejificha nyuma ya ukali.

Nasi watumishi wa umma tusijitoe katika lawama. Ni mara ngapi waraka hufika ofisini, ukasomwa kichwa na sahihi tu, kisha ukatekelezwa kinyume, na mwananchi akalipia kosa hilo kwa safari tatu za bure? Ofisa huyo naye alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo, maofisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule wanapotembelea madarasa wasihesabu tu maneno yaliyotamkwa. Wamwite mtoto mmoja, wampe sentensi nne, wamwulize maana na sababu. Vyuo vya ualimu vimzoeze kila mwalimu mtarajiwa kutunga maswali ya namna hiyo. Na kila mwalimu, kabla ya kufuta ubao kesho, aulize mara moja tu: "Umejuaje?" Kisha anyamaze, angoje jibu.