Somo la kwanza la kompyuta liwe nywila

Madaftari ya kozi fupi za kompyuta ninayoletewa yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja. Ukurasa wa kwanza ni Charles Babbage. Unaofuata ni vizazi vitano vya kompyuta. Kisha inakuja orodha ya vifaa vya kuingizia taarifa na vya kutolea, halafu Word, halafu Excel. Zikibaki siku chache kabla ya vyeti kutolewa, ndipo mwanafunzi anaonyeshwa intaneti na barua pepe, tena kwa haraka.

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu. Nilianza kazi kwa taipureta, nikahamia kompyuta zilipoingia maofisini, na sasa nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Jioni, wateja wakipungua, nafundisha watu wazima ambao hawajawahi kuigusa kompyuta. Wengine wanaokuja tayari wana cheti cha kozi ya namna hiyo, na bado hawawezi kufungua barua pepe yao wenyewe. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba mpangilio wa masomo hayo umepinduliwa. Anayeanza kabisa afundishwe kwanza mambo matatu: kufungua anwani yake ya barua pepe kwa mkono wake, kuitunza nywila yake, na kujua faili lake limekaa wapi. Mengine yote yafuate.

Sababu yangu ipo kaunta, na naiona kila siku. Kazi ya serikali inaombwa kupitia Ajira Portal. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni. Jina la biashara linasajiliwa BRELA mtandaoni. Asiyejua kompyuta anakimbilia steshenari, na pale mambo huenda hivi: kijana wa dukani anauliza, "Barua pepe yako?" Mteja hana. Anafunguliwa palepale. Nywila inatungwa na kijana, mara nyingi ni jina la mteja na tarakimu 123. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti inawekwa ya dukani, ili ujumbe wa uthibitisho usicheleweshe foleni. Mteja analipa, anapokea karatasi yake, anashukuru, anaondoka. Akaunti imebaki dukani.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, mwenye stashahada ya uuguzi, alifunguliwa akaunti kwa mtindo huo katika mji aliokuwa anasoma. Wito wa usaili ulitumwa kwenye barua pepe asiyoweza kuifungua. Alikuja kujua kwamba ameitwa wakati usaili umeshapita. Aliponijia, tulibofya pale penye maneno ya kusahau nywila, na kompyuta ikasema msimbo umetumwa kwenye namba ya simu, ikionyesha tarakimu zake mbili za mwisho tu. Alizitazama tarakimu zile, akatoa simu yake, akalinganisha. Hazikuwa zake. Aliyemfungulia alikwishaacha kazi katika duka lile, na namba haipatikani. Stashahada ya uuguzi alikuwa nayo na sifa zote alikuwa nazo. Alichokosa ni kitu ambacho angeweza kufundishwa katika kipindi cha kwanza cha kozi yoyote.

Na si akaunti peke yake inayobaki nyuma. Mtu akiskaniwa kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, nakala zake zinabaki ndani ya mashine ya duka mpaka mtu akumbuke kuzifuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Lakini sheria haimfikii mtu asiyejua kwamba karatasi yake imeacha kivuli ndani ya kompyuta ya mwenzake. Anayejua faili ni nini atasema, "Mwanangu, hebu lifute hilo nikiona." Asiyejua ataondoka tu.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawawezi kuelewa mambo ya nywila mapema namna hiyo. Wanaelewa tangu zamani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo mama anayeuza mchicha sokoni anajua kabisa kwamba namba ya siri haitajwi mbele ya mtu. Anageuka pembeni anapoibonyeza. Mtu huyohuyo akifika steshenari anataja nywila ya barua pepe kwa sauti, foleni nzima ikimsikia, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba barua pepe ndiyo inayoshika kazi yake, mkopo wake na biashara yake. Mwalimu aanzie hapo, kwenye jambo ambalo mwanafunzi analijua tayari.

Wengine wananiuliza: atafunguaje barua pepe mtu ambaye hata kipanya hajakishika? Jibu langu ni kwamba atajifunzia humohumo. Kufungua barua pepe kunataka kuandika jina, hivyo anajifunza herufi kubwa. Kunataka tarehe ya kuzaliwa, hivyo anajifunza tarakimu. Kunataka alama ya @, ambayo kwenye kibodi nyingi za hapa inapatikana kwa kushikilia Shift na kubonyeza 2, hivyo anajifunza kutumia vidole viwili kwa pamoja. Saa nzima ya kibodi na kipanya imo ndani ya fomu ile moja, na mwisho wake anabaki na kitu chake.

Mwalimu anayekaa karibu na mwanafunzi wa aina hii ataona mambo ambayo daftari haliyataji. Mama mmoja wa makamo alisogeza kipanya mpaka ukingoni mwa meza, mkono ukakwama, akaniita: "Mwalimu, imekataa." Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kipanya kinainuliwa, kinarudishwa katikati, na mshale kwenye skrini unabaki palepale ulipokuwa. Nilimwonyesha mara moja, basi. Alipofika kwenye nywila aliandika herufi ya kwanza, akaona nukta. Akafuta. Akaandika tena, nukta tena. Alidhani kompyuta inakosea. Nilimweleza kwamba nukta zile zinaificha nywila yake kwa anayechungulia begani, na herufi alizobonyeza zimeingia zote. Hapo alitabasamu, akageuza kiti kidogo, akanipa mgongo ili nami nisione. Huyo ameelewa somo kuliko mwenye kukariri vizazi vitano.

Hofu ndiyo inayowafungia nje watu wazima, wala si upungufu wa akili. Wanaogopa kuharibu. Waambiwe mapema kwamba Ctrl pamoja na Z hurudisha nyuma kilichokosewa, na Ctrl pamoja na S huhifadhi kazi, kwa sababu umeme ukikatika kisichohifadhiwa huweza kupotea. Waambiwe pia kuchagua wenyewe folda ya kuhifadhia na kulipa faili jina linaloeleweka. Nimeona CV nyingi zilizohifadhiwa kwa jina la "Document1", na wenyewe wanazitafuta kwa machozi siku ya mwisho ya maombi.

Kuna hoja kwamba simu inatosha. Simu inasaidia sana, na barua pepe iliyofunguliwa kwenye kompyuta iwekwe na kwenye simu. Lakini kupanga CV ya kurasa mbili, kuunganisha vyeti kuwa faili moja la PDF na kulipunguza likubalike kwenye mfumo ni kazi inayowashinda wengi kwenye kioo kidogo. Ndiyo maana foleni za steshenari hazipungui ingawa kila aliyesimama pale ana simu mkononi.

Nini kifanyike? Sisi wenye steshenari tuanze. Mteja akihitaji barua pepe, akae yeye kwenye kibodi, aweke namba yake ya simu, atunge nywila yake, aiandike mahali anapopajua yeye. Inaongeza dakika chache, na foleni itavumilia. Vilevile tufute nakala za mteja akiwa bado amesimama hapo.

Wenye vyuo na vituo vya kozi wabadilishe wiki ya kwanza. Na serikali isitafute mbali, kwa maana vifaa vipo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika shule za umma, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo kila kanda, na maktaba za mikoa zipo. Chumba cha kompyuta cha shule kinachofungwa Ijumaa jioni kinaweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi kwa wazazi wa watoto walewale, kwa utaratibu wa halmashauri na posho ndogo ya mwalimu wa TEHAMA. Serikali inayotaka wananchi waombe huduma mtandaoni ina wajibu wa kuwafundisha kuufungua mlango huo kwa ufunguo wao.

Na mtihani wa kozi ubadilike pia. Mwanafunzi apelekwe kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuitumia, mwalimu akae mbali. Aingie kwenye barua pepe yake, aipate CV yake, aitume anakoelekezwa, kisha atoke kwenye akaunti bila kuiacha wazi kwa atakayekaa baada yake. Akiweza hayo, apewe cheti. Asipoweza, arudi darasani bila malipo ya ziada, kwa kuwa alilipia kufundishwa kompyuta na hajafundishwa.