Mpe Kijana Misimu Mitatu, Mabosi Waulize Leo

Kila mwisho wa Aprili, drafti ya NFL huanza kule Marekani ikiwa saa mbili usiku ya Alhamisi kwao. Hapa Nairobi hiyo ni saa tisa usiku, Ijumaa. Na bado kuna wasee huku wanakesha. Saa kumi na mbili asubuhi ukishika simu, vita tayari vimeiva. Msee wa Cowboys anatukana, msee wa Browns analia (kama kawaida), na kila mtu ameshageuka mwalimu: timu hii gredi A, timu ile F, huyu chali ni hasara, yule ni wizi wa mchana.

Wacha niseme nitakalosema, mkasirike mkitaka. Mimi napenda hiyo kelele. Drafti bila ubishi ni kama chai bila majani. Lakini tunabishana na mtu asiyefaa. Tunamchoma kijana wa miaka 21 aliyechaguliwa, na tunawaacha watu wazima waliomchagua wakienda kulala salama. Inafaa iwe kinyume. Kijana apewe misimu mitatu. Mabosi waulizwe maswali usiku huo huo.

Kwa wale wa soka, kwanza tuelewane. Huku tumezoea kwamba mwenye pesa ndiye anachukua. Ukiwa na mfuko mzito unapiga simu, unalipa, mchezaji ni wako. NFL haifanyi hivyo kwa vijana wanaotoka chuoni. Timu ziko 32, raundi ni saba, na aliyemaliza vibaya zaidi ndiye anachagua kwanza. Wazo lilitoka kwa Bert Bell wa Philadelphia Eagles mwaka 1935, timu yake ikiwa hohehahe, na drafti ya kwanza ikafanyika 1936. Unajua nani alichaguliwa nambari moja siku hiyo? Jay Berwanger. Na unajua alicheza mechi ngapi za NFL? Sufuri. Hakuwahi kucheza hata moja. Kwa hivyo tangu chaguo la kwanza kabisa, hii kitu imekuwa ikiaibisha wajuaji.

Sasa angalia upande wa kijana. Hachagui timu. Hachagui mji. Hachagui nambari atakayoitwa. Ameketi na mamake kwenye kochi, simu inalia, anaambiwa anaenda wapi. Wachache sana wamewahi kukataa. John Elway alikataa Baltimore Colts mwaka 1983, na Eli Manning akawakataa Chargers mwaka 2004. Lakini Elway angeweza kwenda kucheza besiboli, na babake Eli alikuwa kwotabeki wa NFL kabla yake. Kijana wa kawaida hana hiyo jeuri. Anasema asante, anavaa kofia, anapiga picha.

Basi niambie, ukimzomea huyo mtu, unamzomea kwa kosa gani?

Mwaka 1999 kituo kimoja cha redio cha Philadelphia kilipeleka mafans wa Eagles hadi New York kwa drafti. Walitaka Ricky Williams, mkimbiaji matata kutoka chuo cha Texas. Eagles, nambari mbili, wakamchukua kwotabeki Donovan McNabb. Mafans wakamzomea kijana wa miaka 22 siku kubwa zaidi ya maisha yake, mbele ya kamera. Kumbe huyo waliyemzomea ndiye angewapeleka kwa fainali ya kanda mara tano na Super Bowl moja. Mwaka 2013 Eagles wakaistaafisha jezi yake nambari 5.

Na Ricky Williams je? Hapa ndipo stori inakuwa tamu. New Orleans Saints walimtaka hadi wakatoa nafasi zao zote za drafti ya mwaka huo, pamoja na raundi ya kwanza na ya tatu ya mwaka uliofuata. Zote, bana! Kwa mtu mmoja. Msimu huo wakashinda mechi tatu wakapoteza 13, na kocha Mike Ditka akafutwa. Lakini Ricky hakuwa mchezaji mbaya. Mwaka 2002, akiwa Miami, ndiye alikimbia yadi nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Mchezaji alikuwa sawa. Bei ndiyo iliyokuwa wazimu.

Hiyo tofauti ndiyo nataka tuishike, kwa sababu ndiyo tunaipoteza kila mwaka. Bei inajulikana usiku huo huo. Ubora wa mchezaji haujulikani.

Chukua San Francisco 49ers. Mwaka 2021 walitoka nafasi ya 12 hadi ya tatu kumfuata Trey Lance. Walitoa hiyo ya 12, raundi ya kwanza ya 2022, raundi ya kwanza ya 2023 na moja ya raundi ya tatu. Kwa kijana aliyekuwa ameanza mechi 17 tu chuoni. Haungehitaji kuwa nabii kuuliza swali usiku ule: kwani mnaona nini chenye thamani ya yote haya? Lance akavunjika kifundo cha mguu mapema msimu wa 2022, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Watu wakamcheka yeye. Yeye! Kwani ni yeye aliyesaini zile karatasi?

Halafu timu hiyo hiyo, mwaka 2022, ikamchukua Brock Purdy nafasi ya 262. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa. Kuna jina la utani wanampa mtu wa mwisho, maana yake ni kama Bwana Hana Maana. Februari 2024 huyo Bwana Hana Maana alikuwa anaanza Super Bowl, na walishindwa na Kansas City 25 kwa 22 katika muda wa ziada. Hakuna gredi yoyote ya Aprili 2022 iliyoliona hilo. Wale wa 49ers wenyewe hawakuliona, la sivyo hawangengoja hadi nafasi ya 262.

Mfano mwingine. Mwaka 2017 Chicago Bears walitoka nafasi ya tatu hadi ya pili, hatua moja tu, wakalipa nafasi tatu zaidi za drafti ili wampate Mitchell Trubisky. Nambari 10, Kansas City wakamchukua Patrick Mahomes. Mahomes akaketi benchi karibu msimu mzima, akaanza mechi moja tu. Ungempa gredi gani mwishoni mwa mwaka huo? Hakukuwa na cha kusahihisha. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini bei ya Bears, kulipa hivyo kwa hatua moja, ungeihoji usiku ule ule bila kungoja chochote. Na ungekuwa sawa.

Mtu ataniuliza, mbona misimu mitatu? Nimeitoa wapi? Sijaiokota barabarani. Ni hesabu ya timu zenyewe. Kijana wa drafti anasaini mkataba wa miaka minne, na mshahara umepangwa kulingana na nafasi aliyochaguliwa. Timu hairuhusiwi kumwongezea mkataba mpya kabla msimu wa tatu kuisha. Na kwa wale wa raundi ya kwanza, baada ya msimu huo wa tatu ndipo timu inaamua kama inataka kumwongeza mwaka wa tano. Kwa hivyo watu wanaomwona mazoezini kila siku, wenye madaktari na makocha, wanapewa misimu mitatu kabla ya kuamua. Wewe na mimi tunataka kuamua kwa dakika tatu tukiwa kitandani.

Sasa nisikie upande mwingine, kwa sababu uko na nguvu. Kuna wale wanasema mafans wana haki ya kuzomea, wao ndio wananunua tiketi na jezi. Na kwamba wakati mwingine mafans huona mbali kuliko mabosi. Kweli. Mwaka 2019 New York Giants walimchukua Daniel Jones nambari sita, na mafans wakazomea. Mabosi wakashikilia msimamo, hadi 2023 wakampa mkataba wa dola milioni 160 kwa miaka minne. Novemba 2024 wakaachana naye. Mafans wa Giants wakasema, si tuliwaambia?

Sawa, waliwaambia. Lakini tazama vizuri hiyo hasara ya Giants ilitoka wapi. Mkataba wa milioni 160 haukuandikwa na kijana wa miaka 21 aliyezomewa. Waliouandika ni watu wenye ofisi, wakiwa wameshamwona uwanjani misimu minne. Wao ndio wa kuulizwa. Haki ya kuzomea siiondoi, nasema tu elekezeni mdomo mahali pesa ilipotoka.

Na usidhani haya ni maneno matupu ya mtandaoni yasiyoumiza mtu. Drafti ya 2025 pale Green Bay, Shedeur Sanders, kwotabeki na mtoto wa Deion Sanders, alitarajiwa na wengi kuchukuliwa raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Ya tatu, ya nne. Dunia nzima ikawa inacheka mtu aliyeketi akingoja simu. Katikati ya kungoja huko simu ikalia, na ilikuwa utani. Mtoto wa kocha mmoja wa Atlanta Falcons alikuwa amepata nambari yake, akampigia akijifanya bosi wa timu. NFL ikawapiga Falcons faini ya dola 250,000 na kocha huyo dola 100,000. Cleveland Browns wakamchukua Shedeur nafasi ya 144, na kabla ya msimu kuisha alikuwa ameanza mechi na kushinda.

Unaweza kumwona Shedeur kuwa na majivuno. Unaweza kuamini hafiki popote. Hayo ni maoni, bishana. Lakini ule utani wa simu haukutoka hewani. Ulitoka kwa mazingira tuliyotengeneza sisi mafans, kwamba kuporomoka kwa mtu ni kipindi cha vichekesho.

Na kwetu huku hii kitu tunaijua bila hata kujua sheria za mchezo. Matokeo ya KCSE yakitoka, kuna kijana wa miaka 18 anapewa herufi moja, na kabla jioni haijafika, ploti nzima inajua. Jirani ambaye hajawahi kumsaidia hata na kitabu anatingisha kichwa. Hakuna anayeuliza shule ilikuwa na walimu wangapi, au maabara ilikuwa na nini. Herufi inabaki na mtoto. Waliopanga kila kitu wanaendelea na shughuli zao. Ni drafti tu, bila kofia na picha.

Pia tukumbuke kuna mlango ambao drafti haiuoni. Daniel Adongo, Mkenya, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia drafti na bila kuwahi kucheza huo mchezo chuoni. Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza NFL. Hakudumu sana, lakini alifika. Kurt Warner naye hakuchaguliwa na mtu, akawahi kupanga bidhaa kwenye supamaketi, na Januari 2000 akashinda Super Bowl. Orodha ya wanaume wenye suti ni makisio yao tu.

Kwa hivyo Aprili ikija, keshe kama unakesha. Bishana hadi sauti iishe. Ila uliza maswali matatu: Timu imetoa nini kupata hii nafasi? Ilikuwa na shimo gani, na huyu anaziba hilo shimo? Na nani atamfundisha, au anatupwa tu kwa simba wiki ya kwanza? Hayo yote yana majibu usiku huo huo, na yote ni ya mabosi. Ukiyapata majibu mabaya, choma. Choma kabisa, na utaje jina la ofisi.

Lakini kijana mwenye kofia mpya na mama anayelia kando yake, huyo hajafanya kitu bado. Ukitaka kumpa gredi, weka tarehe kwenye simu yako, miaka mitatu kutoka siku hiyo. Tarehe ikifika, uje tuongee.