Mkopo Usiwe Kitanzi

Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Msemo huo ulikusudiwa kumwasa mkopaji. Lakini umewadia wakati mkopeshaji naye auzingatie, kwani mara nyingi matanga hayo ni yeye anayeyatandika.

Hatuna ugomvi na mikopo midogo. Mkulima wa mwani, mvuvi na mshona nguo hawana hati ya nyumba ya kuweka rehani. Mwaka 1976 Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake, ili wajinasue na walanguzi. Kutokana na mbegu hiyo ilizaliwa Benki ya Grameen.

Hata hivyo, chombo kile kile kikishikwa na mwenye tamaa huumiza. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kampuni zilishindana kuwarundikia maskini mikopo juu ya mikopo, hata Oktoba 2010, kufuatia taarifa za wakopaji kujiua, serikali ya jimbo ikatoa sheria ya dharura. Nasi hatukusalimika. Jina la "kausha damu" halikutungwa bure, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni.

Dhuluma nyengine hujificha ndani ya hesabu. Mtu akikopa shilingi 120,000 na kurejesha 10,000 kila mwezi, riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni lililobaki itafika shilingi 15,600 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, itakuwa shilingi 28,800. Asilimia ni ile ile, mzigo karibu mara mbili. Asiyemweleza mkopaji tofauti hiyo amemghilibu, hata kama karatasi imetiwa saini.

Uislamu, dini ya wengi wetu visiwani, umeharamisha riba na umeamrisha mdaiwa aliyedhikika apewe muhula. Lakini kubadilisha jina la riba hakutoshi. Uadilifu ni kusema bei kwa uwazi, kupima uwezo wa mkopaji kabla ya kumpa fedha, kutoshika kadi yake ya benki, na kutomwaibisha mbele ya jirani zake.

Tunawahimiza wahusika Serikalini wadai gharama yote ya kila mkopo iandikwe kwa shilingi na kwa Kiswahili, na wawakague wakopeshaji kabla ya kilio, si baada yake. Nao wananchi wasisahau kwamba dawa ya deni ni kulipa: fedha ya kikundi ni jasho la wenzao. Lakini cherehani ikishachukuliwa, mshonaji atalipa kwa nini? Mkopeshaji anayemnyang'anya mdaiwa chombo cha kazi amelizika deni lake mwenyewe.