Windows 10 imeachwa: kuongeza RAM kunatosha?
Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Mwenye sekretaria Bukavu ao Bunia atasema: basi niongeze RAM. Ole kwa feza yake! Windows 11 inaomba giga 4 tu za RAM. Kinachokosa kwa mashini za zamani ni prosesa ya karibuni na chipu ya TPM 2.0. Tena, kama Windows yako ni ya biti 32, ata ukiweka giga 8, haitatumia zaidi ya 4.

Diski ya SSD, iyo inasaidia kweli: mashini inawaka mbio, na unaweza kuweka Linux ya bure. Kwa printa mpya, mwambie muuzaji aijaribu kwanza kwa mashini yako, itoe karatasi, njo ulipe.